Kadi Sitini na Mbili za Buluu

Saa mbili na robo asubuhi, binti mpiga chapa wa ofisi ya kamusi alivuta droo ya neno la Kiingereza "charge" akaikuta tupu. Kadi sitini na mbili zimetoweka, kila moja na maana yake: kuchaji simu, kumtoza mtu bei, kumshtaki, kumshambulia. Na ndugu wa neno hilo, kama "discharge", walikuwemo humo humo, mpaka kuruhusiwa kutoka hospitali, mpaka usaha wa kidonda.

Saa sita gari la kiwanda cha chapa lingekuja kuchukua kurasa. Mhariri, mwenye miaka ishirini na sita kazini, alisema meza iliyo karibu na ufunguo wa droo ni ya binti, basi kadi zisipoonekana, binti afungashe.

Mkurugenzi, aliyerudi kutoka safarini asubuhi ile, akamwita Bibi Gundi, mshona vitabu wao. Kadi zile alizikata yeye kwa majalada ya kalenda ya buluu, karatasi nyeupe ilipokwisha.

Akaanza na tarishi, kwa sababu jana alibeba gunia la karatasi chakavu. Tarishi akalimwaga sakafuni kwa hasira: bahasha tupu. Bawabu akaapa kwamba jana alipekua kila mfuko mlangoni, hata kikapu cha bibi mwenyewe.

"Cha kwangu ulikipekua mara mbili," bibi akasema. "Basi kisichotoka kimo ndani."

Akavuka hadi ukuta wa pili, penye droo za Kiswahili, akavuta ya T. Katikati ya kadi nyeupe ukaonekana ukingo wa buluu. Akavuta ya S: buluu tena. Ya U: usaha. Binti akaanza kulia kwa furaha, bibi akamzuia kwa mkono.

"Ngoja, mjukuu wangu. Hii 'toza' ipo wapi?"

"Baada ya 'toweka', kabla ya 'tua'."

"Na 'shambulia'?"

"Baada ya 'shamba', kabla ya 'shamiri'."

Saa tano na nusu kadi zote zilikuwa mezani, kila moja imetolewa penye maana yake ya Kiswahili, na hata moja haikuwa imekaa pasipo pake. Bibi akamgeukia Mhariri.

"Mwizi mwenye haraka angechomeka popote, tungezitafuta mwaka mzima. Tarishi hajui droo hizi. Huyu mtoto ana miezi minne kazini, na hajawahi kupanga upande wa Kiswahili. Nani hapa, hata akiiba, hawezi kuweka kadi mahali pasipo pake?"

Mhariri alitazama vidole vyake. "Mkono umezoea, bibi," akasema. Halafu akaeleza yote. Yeye neno lile alilipatia maana tisa, akajiona kamaliza. Binti akaja na sitini na mbili, na ukurasa wa kwanza ulikuwa umshukuru binti. Roho ikamuuma.

"Ungemshukuru wewe kwanza, mwanangu," bibi akamwambia. "Ungebaki mwalimu wake."

Mkurugenzi akamwambia Mhariri aache funguo, aende. Honi ya gari ikalia nje. Binti alikuwa ameshika kadi ya mwisho, ile ya kukabidhiwa kitu ukisimamie, Mkurugenzi alipomwekea funguo zote za droo kiganjani. Akazifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, akateremka ngazi na kurasa mikononi, tarishi akimpigia makofi kila kidato.