Mstari Kutoka kwa Kaka

Kompyuta ilimwambia faili halipo, na faili alikuwa analiona kwa macho yake mawili.

Alirudia. Akaandika jina la kompaila, ile programu inayochukua maandishi ya fundi na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, akabonyeza. Hakuna faili kama hilo. Akafungua folda. Hilo hapo, limetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Akaliita tena. Hakuna. Mtu mwingine angepiga meza. Yeye alicheka, kwa sababu alikuwa fundi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka wa tisa sasa, na kudanganywa na mashine alishazoea.

Ila siku hiyo hakuwa na nafasi ya kucheka sana. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta, mama yake alikuwa amelala chali kwa miezi kumi na moja bila kutoa neno. Kiharusi kilimwachia kichwa cha kuitikia na vidole vichache vya mkono wa kushoto. Mwezi uliopita vilikuwa vitatu, sasa viwili. Kadi ya herufi walishaijaribu, ikamchosha, akawa anaisukuma. Ndipo yeye, bintiye, alipoanza kumtengenezea kibao cha kusemea chenye vitufe vikubwa: mama abonyeze herufi mbili tatu, kibao kikisie neno lenyewe na kulitamka. Programu yote alishaiandika. Kilichobaki ni kuipitisha kwenye kompaila, kabla vidole viwili havijawa kimoja, na kimoja hakijawa sifuri.

Akaifuta kompaila, akaiweka upya. Hakuna faili. Akakagua kama imetengenezwa kwa mashine ya aina ile. Imetengenezwa. Akakagua vikorokoro vyote inavyovitegemea, vipo. Mwisho akaangalia mwenye faili. Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, anaandikwa pembeni, na kompaila huwa ni mali ya mkuu wa mfumo. Safari hii pembeni hapakuwa na jina. Palikuwa na namba tupu, namba ya mtumiaji ambaye hakuwahi kusajiliwa kwenye mashine ile. Akaangalia tena, namba imepungua. Akaangalia mara ya tatu, imepungua zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi.

"Acha ujinga," akajiambia. Akagundua amesema kwa kunong'ona.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa sakafuni, watoto wa jirani wanapiga kelele za mpira. Ndipo harufu ikaja, ya nywele zilizoungua, kidogo tu kwanza, akainama kunusa nyaya, nyaya baridi, akanusa mashine, mashine baridi, na alipokuwa bado ameinama akasikia feni ndani ya kompyuta haizunguki kama feni bali inavuta, inatulia, inaachia, inavuta tena, taratibu, kama kifua cha mtu mkubwa aliyelala, na kila ilipovuta nywele za paji lake la uso zilisogea kidogo kuelekea kwenye matundu.

Akampigia kaka yake simu.

Kaka ndiye aliyemfundisha kazi hii, enzi hizo wanagombania kiti kimoja mbele ya kompyuta moja. Ndiye pia aliyemletea kompaila hiyo kwenye flashi, Jumapili, akasema ni mpya na ni nyepesi. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi inapanda kwenye kiwiko. Miezi saba halali, hali, usiku anaandika programu ambazo asubuhi hazijui. Watu walisema amepandwa na jini. Yeye, mdogo wake, alisema amekosa usingizi, akampeleka hospitali mara nne na kumkalia kitandani kila mara.

"Kaka, kompaila yako imegoma."

"Inakwambiaje?"

"Eti haipo. Na mimi naiona."

Kaka akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Namba pembeni inashuka?"

"Umejuaje?"

"Ilinitokea na mimi. Uko na nani hapo?"

"Na mama. Mbona unanong'ona?"

"Mbona na wewe unanong'ona? Sikiliza, mdogo wangu. Nakutumia mstari mmoja. Ubandike, weka nenosiri la mkuu, umemaliza. Usijisumbue kuusoma, ni mrefu, utakuvuruga tu."

Mstari ukaingia. Ulikuwa mrefu kweli, alama juu ya alama. Yeye mwenyewe aliwafokea wanafunzi wake kila wiki: usibandike usichokisoma, na usimpe ukuu usiyemjua. Lakini huyu si mtu wa mtandaoni. Huyu ni kaka. Akabandika.

Mashine ikaomba nenosiri. Kwa kawaida nenosiri halionekani linapoandikwa, skrini hubaki tupu. Safari hii herufi zilijitokeza, na zilijitokeza kabla ya vidole vyake, yeye anafikia ya tatu ya nne imeshakaa, anafikia ya nne ya sita imeshakaa, akataka kuacha na vidole havikutaka, vikaendelea kufuata kama vinavutwa kwa uzi, na harufu ikamjaa puani na mdomoni, na ile feni ikavuta pumzi moja ndefu, ndefu, ndefu mpaka pazia likaja mbele, na kidole chake mwenyewe kikabonyeza kitufe cha mwisho.

Feni ikanyamaza. Kompaila ikafanya kazi. Mistari ikateremka bila kosa hata moja, mpaka mwisho.

Kwenye simu mtu alikuwa analia.

"Kaka?"

"Limetoka," alisema. "Nasikia njaa, mdogo wangu! Miezi saba, leo nasikia njaa."

"Umenifanya nini?"

"Mganga alisema halifukuziki, linahama tu. Na halihami mpaka mtu wa damu moja alifungulie kwa mkono wake na ufunguo wake. Nisamehe."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ungeniomba, kaka!"

Binti akakata simu. Si jini lililoingia lililomuuma wakati ule. Kilichomuuma ni kwamba mtego ulitegwa pale pale alipokuwa hana shaka, na mtu aliyemshika mkono kumwonyesha herufi ya kwanza. Alilia kwa hasira, na katikati ya kilio akasikia kifua chake kinavuta, kinatulia, kinaachia, taratibu, bila kujali kwamba yeye analia. Pembeni ya faili, palipokuwa na namba, sasa paliandikwa jina lake.

Hata hivyo programu ilikuwa tayari. Akaihamishia kwenye kibao, akanawa uso, akaenda kwa mama. Angalau mmoja duniani alimbakia wa kumwambia. Akaweka kibao chini ya vile vidole viwili, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, sasa utasema. Lakini kwanza nisikilize. Kaka ameniuza."

Vidole vikatafuta, vikabonyeza. Kibao kikatamka kwa sauti yake bapa:

"Najua."

"Kimekosea kukisia," alisema binti haraka. "Andika tena, mama. Taratibu."

Mama akaandika taratibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi masikioni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Aliniuliza Jumapili. Nikaitikia."

Nje mpira uligonga ukuta, watoto wakashangilia.

"Angekufa," kibao kiliendelea. "Wewe ni mgumu. Wewe hukuwahi kunililia."

"Na mimi je, mama?" aliuliza, na swali likatoka kooni mwake kwa sauti mbili, ya pili ikichelewa kidogo nyuma ya ya kwanza.

Mama akamtazama. Macho yakamtoka pima. Vidole vikaanza kuhangaika juu ya vitufe, vikikosea, vikirudia, kwa kasi ambayo havikuwa nayo kwa miezi kumi na moja.

"Mwanangu," kibao kikasema, "sogea mbali na kitanda. Nakuogopa."