Kufuli la Kalvati ya Saba

Mhandisi Esmatullah alikufa Alhamisi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, juu ya kalvati ya saba, kwenye barabara aliyoijenga mwenyewe. Saa mbili kasorobo Sajini Shaperai alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, burka ameitupia mgongoni. Juu ya kilima, walinzi kumi na wawili wa barabara walisimama mstari mmoja wakitazama.

Aliona vitu vitatu. Cha kwanza, vipande vya dumu la njano la mafuta ya kupikia, kama yale yaliyomo katika kila nyumba ya bonde lile. Cha pili, wavu wa nondo uliowekwa kwenye mdomo wa kalvati ili mtu asiingize bomu. Mlipuko ulikuwa umeutupa mbali, lakini kufuli lake lilikuwa bado linaning'inia, limefunguka bila kuvunjwa. Cha tatu kilikuwa kwenye majani: kipande cha plastiki nyekundu chenye ua, kidogo kama kucha ya dole gumba. Akakitia mfukoni.

"Wewe kazi yako kupekua wanawake getini," alifoka Sattar, mkuu wa polisi wa wilaya. "Huku umefuata nini?"

"Nimefuata kufuli, afande. Limefunguliwa kwa ufunguo."

 Funguo za nyavu zilikuwa tatu wilaya nzima, na mmoja alikuwa nao Sattar mwenyewe. Kwa muda Shaperai hakuthubutu kumtazama usoni. Kisha mkuu akavuta kamba shingoni na kutoa ufunguo. Ulikuwa bado na grisi ya kiwandani, haujaingizwa kwenye kufuli hata siku moja.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, afande."

Zikabaki funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwa Kamanda Jangul, mgeni kutoka mkoa mwingine, mkuu wa walinzi waliokodiwa kulinda barabara. Wa pili ulikuwa kwa Toryalai, mirabu wa bonde, yaani mgawaji wa maji ya mifereji, aliyepewa ili aondoe magugu yanayoziba nyavu.

Saa nne askari wa kigeni walimkamata Toryalai. Walimfuta viganja kwa kitambaa, wakakitia kitambaa ndani ya mashine yao, taa ikawaka nyekundu. Mikono ya mirabu ina baruti, ilisema mashine. Saa nane mchana helikopta ingekuja kumchukua. Mwaka ule watu wanne wa bonde walipandishwa helikopta ile, na hakuna aliyerudi.

 Mwaka Shaperai aliofiwa na mume, mashemeji walitaka shamba lake likauke ili ahame. Toryalai alisimama na sepetu mdomoni mwa mfereji wake mpaka saa yake ya maji ikaisha. Ngano ya shamba lile ndiyo aliyokuwa akila hadi leo.

Saa tano, katika ofisi ya wilaya, Kapteni Rudd, mkuu wa askari wale wa kigeni, aliweka karatasi mezani. Parwiz, mkalimani wake kutoka Kabul, alitafsiri bila kuinua macho.

"Hii ni taarifa ya Kamanda Jangul ya jana, Jumatano, saa tisa alasiri. Kalvati ya saba: kavu, safi, kufuli limefungwa. Basi bomu limetegwa jana usiku. Nani hutembea mferejini usiku peke yake? Wewe, mzee."

"Kavu?" Toryalai alifungwa mikono, lakini sauti haikufungwa. "Tangu Jumatatu magharibi maji yalikuwa ya kijiji cha chini! Kalvati ilijaa hadi darini. Nimeyafunga leo alfajiri baada ya sala, kule lango la juu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Watu sita walikuwepo, na mlipuko tumeusikia pamoja."

"Watu sita hao ni ndugu zake?" aliuliza Rudd.

"Kapteni, huku kila mtu ni ndugu ya mtu," alisema Parwiz.

Rudd akagonga karatasi kwa kidole. Jangul, aliyeketi dirishani akichezea tasbihi, akatabasamu.

Saa sita Shaperai alirudi getini, kichwa kinamwanga. Karatasi ilisema kukavu, mirabu alisema kumejaa. Wakubwa walikuwa wameamua kuiamini karatasi.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Gulmakai, mjane wa kijiji cha chini. Mguu mmoja alivaa kiatu chekundu cha plastiki, mwingine buti la marehemu mumewe.

"Pekua haraka, binti yangu. Nimekuja kuitaka serikali inilipe kiatu."

"Serikali imekukanyaga, Bibi?"

"Jana jua linazama nilikuwa naosha sufu mferejini. Kiatu kikaniponyoka, nikakikimbiza kama kuku, kikaenda kunasa kwenye vile vyuma vyenu vya kalvati. Maji yananifika kifuani, nitakitoaje? Nikasema nitakifuata asubuhi yakishakauka. Asubuhi mmekilipua!"

Shaperai alitazama kile kilichobaki. Juu yake palikuwa na ua. Akatoa kipande mfukoni, akakiweka karibu. Maua yalifanana hadi doa la njano katikati.

"Bibi, utaweza kuyasema haya mbele ya wanaume?"

"Nina miaka sitini na nimezika waume wawili. Nimwogope nani?"

Saa saba na nusu Shaperai aliingia ofisini, akanyoosha viganja mbele ya kapteni. "Nipimeni na mimi."

Sattar alishika kichwa. "Mwanamke huyu atanimaliza."

Walimpima. Taa ikawaka nyekundu, na askari mmoja akainua bunduki.

"Nimeshika magunia ya mbolea ya chumvichumvi yaliyopangwa hapo uani," alisema Shaperai. "Ndiyo mliyowagawia wakulima wiki iliyopita. Juzi na jana kila mtu alikuwa akiitia kwenye ngano, na mirabu pia. Pimeni bonde zima, mtahitaji helikopta ngapi?"

Parwiz alitafsiri, na safari hii aliinua macho. Rudd akaigonga tena karatasi. "Bado taarifa ya ukaguzi ipo," alisema.

"Ipo. Ila watu wanasema walinzi wa Kamanda hutia sahihi huku wamelala chali wanakunywa chai."

Jangul aliacha tasbihi. "Nani anasema? Mimi mwenyewe niliinama pale! Rudi ukapapase wanawake wenzako."

"Mtu yeyote anaweza kusema aliinama."

"Niliinama! Palikuwa na magugu na kiatu chekundu cha plastiki, cha mwanamke, kimenasa kwenye nondo. Mtu aliyelala chali angekiona?"

"Jana saa tisa alasiri?"

"Saa tisa kamili. Imeandikwa."

Shaperai alifungua mlango. Bibi Gulmakai aliingia akichechemea, akaketi bila kukaribishwa, akaeleza habari ya sufu, jua kuzama, na maji ya kifuani. Parwiz hakuruka neno. Shaperai akaweka mezani kiatu kizima, na kando yake kile kipande.

"Saa tisa kiatu hiki kilikuwa bado mguuni mwa Bibi," alisema. "Kilinasa jua likizama, kikafunikwa na maji hadi alfajiri mirabu alipoyafunga. Saa moja na dakika ishirini kikasambaratika. Aliyekiona kwenye nondo alikiona leo, baada ya maji kukauka na kabla ya mlipuko. Na wewe Kamanda una ufunguo. Wewe ni mgeni, zamu zetu za maji huzijui. Ulikuta pakavu ukadhani hata jana palikuwa pakavu."

Mkono wa Jangul ulishuka kiunoni. Sattar aliuwahi, akamnyang'anya bastola.

"Kwa nini?" aliuliza Toryalai taratibu. "Esmatullah alikuwa akila mkate wako."

"Leo angetia sahihi kwamba barabara ni salama," alisema Jangul, macho sakafuni. "Barabara salama haikodi walinzi. Vijana wangu wangekwenda wapi na bunduki zao? Nilimwomba aseme bado kuna hatari, mwezi mmoja tu. Akakataa. Basi nikamwonyesha hatari."

Saa nane helikopta ilishuka, ikaondoka na Jangul badala ya mirabu. Toryalai hakungoja vumbi litulie. Watu wa kijiji cha juu walikuwa wanasubiri maji yao. Aliweka kiganja kifuani mbele ya Shaperai, akashika njia ya mfereji mbio.

"Kapteni anakushukuru," alisema Parwiz. "Anasema umesaidia kujenga serikali. Walinzi wapya wanakuja Jumamosi."

"Na wale wa zamani?"

Parwiz alitazama pembeni. "Wale hakuna aliyewasema."

"Na viatu vyangu?" aliuliza Bibi Gulmakai.

"Ushahidi, Bibi. Kile kizima nacho kinabaki."

"Nilikuja na kimoja, naondoka bila hata kimoja. Serikali hiyo!"

Shaperai alicheka, kisha akainua macho. Kutoka getini kilima chote kilionekana, na njia ya kushuka kutoka juu iliishia kwenye nyumba yake, chini ya kilima. Asubuhi walinzi wa Jangul walikuwa kumi na wawili pale juu. Alihesabu, akahesabu tena kwa kidole ndani ya burka.

Walikuwa kumi.