Jumamosi za Shangazi na Vyeti vya Tovuti

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake na kuzianika, Kidole alikwenda kazini kwa shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa msichana huyo alipiga chapa kwa kidole kimoja tu, huku ametoa ulimi nje kidogo. Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vioo. Humo ilikaa seva, kompyuta iliyohifadhi tovuti za wafanyabiashara wa mtaa, ikivuma mchana kutwa.

Kazi yao ilikuwa vyeti vya usalama. Kila tovuti ina chake, nacho huijulisha simu ya mteja kwamba amefika mahali penyewe hasa, na kwamba anayoandika hayachunguliwi njiani. Cheti huisha muda wake, na kikiisha lazima kiwekwe kipya. Shangazi alisoma amri kwa sauti, Kidole akaziandika, kisha wakafungua tovuti pamoja kuona kama alama ya kufuli imetokea. Ikitokea, waligonganisha viganja. Kuna mteja aliyedai apewe cheti chake akitundike ukutani, nao walicheka hadi mbavu zikauma. Zilikuwa Jumamosi tamu kwelikweli.

Kisha tovuti ziliongezeka, shangazi akaandika programu ya kufanya yote hayo yenyewe: kuomba cheti kipya, kukipokea na kukiweka mahali pake.

"Sasa tumepumzika," alisema akijinyoosha.

Kidole hakutaka kupumzika. Aliendelea kwenda, lakini kazi yake ikawa kupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Alizikumbuka mno zile Jumamosi.

Siku moja, shangazi akiwa nje anazungumza na fundi umeme, Kidole alifungua tovuti ya Mama Vifungo, fundi cherehani, ili tu aione ile alama ya kufuli. Badala yake lilitokea onyo jekundu: tovuti hii si salama. Moyo ulimlipuka paa! Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na wazazi waliagiza sare kupitia tovuti hiyo. Nani angeagiza mbele ya onyo kama lile? Mama Vifungo angekosa kazi aliyoingoja muhula mzima.

Hapohapo wazo jingine likamjia. Akinyamaza, programu itaonekana haifai kitu. Shangazi ataitupa, na Jumamosi zao zitarudi. Kidole alijiuma mdomo. Akamwona akilini Mama Vifungo ameketi mbele ya cherehani, anaitazama simu isiyolia.

"Shangazi!" aliita. "Njoo uone, mambo yameharibika!"

Shangazi aliingia mbio, akainama kwenye kompyuta, akapekua. "Cha zamani kimeisha muda leo. Lakini mbona kipya kipo? Kimewekwa tangu juzi!" Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ala! Mgeni kaingia, mwenye nyumba hana habari. Seva haijaambiwa ikisome. Zamani nilikuwa naiambia mwenyewe bila hata kufikiri, nikasahau kuiandika amri hiyo kwenye programu."

Akaiongeza, akajaribu. Onyo likatoweka. Haukupita muda Mama Vifungo akapiga simu. "Jamani, nilidhani watoto wote wa mtaa wameacha shule! Sasa maagizo yanamiminika!"

Shangazi alicheka. Kidole hakucheka, machozi yalimlengalenga. "Nilitaka kunyamaza," alisema. "Nilitaka programu ishindwe, ili tufanye pamoja kama zamani."

Shangazi alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Hata mimi nazikumbuka siku zile, mwanangu. Nilipoiandika programu sikukuuliza, na hapo nilikosea. Lakini sikiliza. Mashine itarudia kazi bila kuchoka, ila haijui kwamba kuna mama anayesubiri simu ilie. Wewe umelijua hilo, ukasema ukweli hata kama ungekupotezea kitu unachokipenda. Mtu wa namna hiyo namhitaji hapa."

"Kwa hiyo Jumamosi ijayo nije?"

"Usipokuja nitakufuata nyumbani. Programu inayofuata tutaiandika pamoja."

Hapo Kidole akalia kweli, na shangazi akamwacha alie.