Gauni la Marehemu Dada

Kila alasiri, akitoka shuleni, Kibonge alivua sare, akaketi chini karibu na cherehani ya mama yake na kumsaidia kushona vifungo. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya unene wake, naye alilizoea. Zamani vifungo vilikuwa kazi ya dada yake. Dada alifariki mwaka uliopita kwa homa, na tangu hapo nyumba ilipoa.

Siku moja mama alitoa sandukuni gauni la buluu la marehemu. Alitaka Kibonge alivae kwenye harusi ya shangazi. Gauni lilikwama mabegani, zipu ikagoma. Mama hakugomba. Alilikunja taratibu, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Mwenzako lilimkaa kama kazaliwa nalo."

Maneno hayo yalimchoma Kibonge kuliko sindano. Akaanza kujinyima. Asubuhi alimwaga uji nyuma ya nyumba, mchana aliwagawia wenzake chakula chake, na jioni alisingizia tumbo. Mashavu yakabonyea. Shangazi alipokuja alimsifu kwamba sasa anafanana na dada yake kama shilingi kwa ya pili. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Kwa ajili ya tabasamu hilo, Kibonge akazidi kujinyima.

Harusi ilipokaribia, akiwa mstarini shuleni, macho yalimwingia giza, akaanguka. Alizinduka akiwa zahanati, dripu mkononi. Mama alikuwa kando ya kitanda, nyuzi zimemganda begani. Muuguzi alikwisha kumweleza kwamba mtoto hana ugonjwa wowote, ila njaa.

"Nani kakunyima chakula, mwanangu?"

Kibonge aligeukia ukutani. "Nilitaka gauni linienee, mama. Ili ukiniona mimi, umwone dada."

Mama alijifunika uso kwa viganja, akalia kilio ambacho hata mazikoni hakukilia. Kibonge naye akalia. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa akimlilia marehemu peke yake, kwa kujificha.

Siku ya harusi Kibonge alikuwa bado dhaifu, hivyo wakabaki nyumbani wawili. Mama alimpikia uji mwepesi. Tumbo lililozoea njaa lilimsokota, akataka kuacha, lakini mama alimshikia kikombe, akamsubiri anywe kidogo kidogo.

"Nilikukosea," mama alisema. "Dada yako hatarudi, hata nikikuvika nguo zake zote. Nilizaa watoto wawili, sikuzaa mmoja mara mbili. Mwili wako ni huo; kula uushibishe na uutunze. Na siku ukimkumbuka dada, usijifiche. Njoo tulie pamoja."

Kibonge alimeza funda jingine. Uchungu wa kufiwa ulikuwa palepale, lakini sasa walikuwa wawili wa kuubeba.