Spika ya Chumba cha Seva

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta kwenye ghala la dawa. Alihangaika wiki nzima na seva ya barua pepe. Kila oda ikiingia, programu ndogo ilitakiwa iamke na kuisoma kwa sauti kwenye spika ya chumba cha seva, lakini iligoma katakata. Akaletwa binti mgeni kazini, na kabla ya chakula cha mchana spika ikawa inasoma. Mkuu wa ghala alimpigia makofi mbele ya watu.

Rafiki yangu aliona wivu. "Umefanyaje, dada?" aliuliza akijichekesha.

"Nimerekebisha ruhusa ya programu kufungua barua tu, kaka," binti alijibu, akaenda kula.

Rafiki yangu akajifungia ndani ya chumba cha seva akachungulie kazi ya binti. Moyoni alishaanza kutunga barua ya kumchongea kwa mkuu, ingawa hakuwa ameandika neno wala kumwambia mtu. Akalifungua faili la ile programu. Lilikuwa tupu, halina hata mstari mmoja.

Hapo umeme ukakatika. Feni zikapunguza mvumo, zikanyamaza, na taa za seva zikazimika. Chumba hakikuwa na dirisha. Alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango, spika ikakwaruza gizani.

"Barua mpya," ilisema. "Mheshimiwa mkuu, huyu binti si wa kuaminika. Nimemwona kwa macho yangu akiiba..."

Kila sentensi aliijua. Ila sauti haikuwa ile ya mashine. Ilikuwa ya yule binti, tulivu kabisa, na ilisoma bila kukosea neno.