Dirisha la Vifaranga

Baridi ya mwezi wa saba haipigi hodi. Inaingia mlangoni, inapanda kitandani, inakaa ndani ya mifupa. Ndiyo iliyompokea Mwanamisi, binti wa Tanga, alipovuka mpaka kuja Kenya kujitolea. Shirika lake lilimpeleka katika kijiji cha wakulima nje ya Ngoingwa, karibu na Thika. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Alikaa kwa Nyawira, mjane aliyefuga kuku. Nyawira pia alikuwa mwanafunzi wake, na bado alikuwa akipigana na herufi. Mwanamisi alilala chumba kimoja na Wambui, mjukuu wa Nyawira, mtoto wa miaka saba.

Siku ya kwanza Mwanamisi alisalimia kwa adabu za kwao. "Shikamoo, mama."

Nyawira akacheka. "Hiyo ya kwenu ni tamu, lakini huku ukisema 'habari' inatosha. Ingia, maitu, ingia binti yangu! Mbona unatetemeka kama kifaranga wa siku moja?"

"Ni baridi, mama."

"Hii? Wee, hii bado! Nyinyi watu wa bahari mmezoea kupikwa na jua."

Nyawira alijua habari za vifaranga. Alikuwa nao mia mbili kwenye stoo nyuma ya nyumba, akiwapasha joto kwa jiko la makaa. Hakuna hata mmoja aliyekufa. "Nilileta mia mbili, na mia mbili wako," aliringa kwa majirani.

Wiki ya tatu, baridi ilizidi. Jioni moja Nyawira aliingia chumbani na jiko. Makaa yalikuwa mekundu, bila moshi hata kidogo. Aliliweka kando ya kitanda. Akafunga dirisha. Akakunja gunia, akaziba nafasi iliyokuwa chini ya mlango.

"Mgeni wangu hawezi kuuawa na baridi nikiangalia," alisema.

Mwanamisi alisita. Kwao, makaa yalikuwa ya uani, si ya chumbani. Lakini mgeni hapangi nyumba ya watu. Akasema tu, "Ahsante, mama."

Asubuhi aliamka kichwa kikimgonga kama kinu. Tumbo lilichafuka. Wambui naye alikataa uji.

"Cucu, nyumba inazunguka," mtoto alimwambia bibi yake.

Walipokaa nje kwa muda, wote wawili wakapata nafuu. Jioni jiko lilirudi chumbani, na siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu ikawa mbaya zaidi.

Hapo woga ukamwingia Mwanamisi. Alimpigia simu shangazi yake, Tanga.

"Kichwa kinakuuma ukiwa chumbani, ukitoka kinapoa?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mna kitu humo! Umetupiwa jicho. Nchi ya watu ina wenyewe, mwanangu. Rudi nyumbani!"

Tangu saa hiyo Mwanamisi aliogopa kila kitu. Aliogopa jirani aliyemtazama sana. Aliogopa bundi juu ya mti wa mgrevilia. Zaidi ya yote alikiogopa kile chumba, na hakuweza kusema anaogopa nini. Alifunga mkoba wake, akauficha chini ya kitanda. Jumamosi angepanda basi. Lakini angewaambia nini wanafunzi wake? Kwamba mwalimu amekimbia?

Nyawira alidhani ni homa. "Nimemwambia Ndanu apitie Ijumaa akuangalie," alisema. Ndanu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama aliyeingia kila nyumba na kuuliza maswali mengi.

Ijumaa alasiri manyunyu yalianguka bila kukoma. Wambui alirudi kutoka shule amelowa. Nyawira akamvua nguo, akamlaza chini ya blanketi. Akaleta jiko mapema, akafunga dirisha. Alipotoka alisukuma lile gunia chini ya mlango kwa mguu, akaenda kulisha vifaranga.

Mwanamisi alijilaza kando ya mtoto. Joto lilikuwa tamu. Kisha kichwa kikaanza. Akataka kuinuka, miguu ikakataa. Ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine.

"Wambui," aliita.

Kimya.

"Wambui! Amka!"

Aliushika mkono wa mtoto, akauinua. Ulipomponyoka, ulianguka kama kitambaa.

Mwanamisi alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Ndiyo haya, aliwaza. Wamekuja kutuchukua. Akajiangusha sakafuni. Alimvuta Wambui kwa shuka, akatambaa. Mlango ulikuwa hatua nne tu, lakini siku ile ulikuwa mbali kama Tanga. Alisukuma. Gunia likakwama. Akasukuma tena kwa bega, kwa nguvu yake ya mwisho. Mlango ukafunguka. Hewa baridi ikampiga usoni, naye akaanguka barazani, mtoto mikononi.

Ndanu alikuwa anafungua geti.

"Uuuwi!" Nyawira alikuja mbio, bakuli la chakula cha kuku likamwagika. "Ngai! Wamerogwa! Watoto wangu wamerogwa!"

"Hakuna uchawi hapa!" Ndanu alisema kwa ukali. Alichungulia chumbani, akaona jiko. Akavuta pumzi, akaingia mbio, akalitoa nje, kisha akafungua dirisha. "Mvute mtoto huku kwenye upepo! Ita bodaboda mbili. Twende hospitali sasa hivi!"

Mjini Thika, Wambui na Mwanamisi walivishwa barakoa, wakapewa oksijeni. Nyawira alikaa kwenye benchi akishika kiatu kimoja cha mjukuu wake. Hakulia. Aliogopa kulia. Saa nzima ilipita, na nyingine. Ndipo Wambui akafungua macho.

"Cucu, niko na njaa."

Nyawira akalia sasa, mbele ya watu wote.

Mwanamisi aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada Ndanu, ni nani aliyetufanyia hivi?"

"Ni jiko," Ndanu alijibu. "Makaa yakiwaka yanatoa hewa ya sumu. Haina rangi. Haina harufu. Kwanza kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha unalala usiamke."

"Lakini hayakuwa na moshi!" Nyawira alisema. "Yalikuwa mekundu kabisa!"

"Moshi ungewakohoza, wangekimbia. Sumu hii inakuja kama rafiki." Ndanu alimtazama. "Vifaranga wako unawapasha joto na nini?"

"Na jiko."

"Dirisha la stoo?"

"Siwezi kufunga lile. Wa duka la dawa za mifugo aliniambia nikifunga, watakufa wo..."

Nyawira akajifunika uso kwa leso. "Vifaranga nimewaachia dirisha. Mgeni wangu na mtoto wangu nimewazibia."

"Ulifanya kwa upendo," Mwanamisi alisema. "Na mimi nilinyamaza kwa adabu."

"Upendo na adabu havifungui dirisha," Ndanu alisema. "Na msidanganyike. Hata dirisha likiwa wazi, usilale na jiko ndani. Ukipika, fungua mlango na madirisha. Ukimaliza, toa jiko nje. Ukisikia kichwa kinauma karibu na moto, tokeni wote, mwende hospitali hata kama mnaona mmepata nafuu."

Jumamosi waliruhusiwa kurudi nyumbani, na basi la Tanga liliondoka bila Mwanamisi. Aliutoa mkoba chini ya kitanda mbele ya Nyawira, akapanga nguo zake upya. Nyawira aliuona, akaelewa. Alimletea blanketi la pili, soksi za sufu, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo.

"Hiyo haina sumu," alisema. "Lakini wewe, nikikosea tena, sema! Hapa si kwa wageni. Ni kwenu."

Jumatatu alfajiri Mwanamisi aliamka kichwa chepesi. Baridi ilikuwa palepale, kali kama jana, lakini Wambui alikuwa tayari anaimba na kudai uji. Mlango ulikuwa unakwaruzwa kwa nje. Mwanamisi alishuka kitandani. Akafungua polepole.

Nyawira alikuwa amesimama hapo, kipande cha makaa baridi mkononi, vidole vyeusi. Kwenye mbao za mlango alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizopinda:

MAKAA YALALE NJE

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ambayo hakuinakili ubaoni.

"Mwalimu," aliuliza kwa wasiwasi, "kuna kosa?"

Mwanamisi aliisoma mara mbili.

"Hakuna tena, mama."