Somo la Kuanguka

"KUH: VUMBI LA DARI KUDONDOKA KATIKA CHAI YA WATUMISHI." Ndivyo idara ya upimaji ardhi ilivyowaandikia jirani zao wa ghorofa ya juu, karakana ya waigizaji, na nakala ikaenda kwa wakubwa wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa chai humo.

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Kaka kwa kuwa mdogo wake wa kike alimwita hivyo, aliisoma barua hiyo kwa sauti ya mfalme anayetangaza vita. Waigizaji wakacheka. Kazi yao ilikuwa kuanguka. Aliwafundisha watu waliokwisha kuzeekea majukwaani namna ya kufa bila kuumia: kidevu kifuani, bega litangulie, kiganja kigonge ubao ili kishindo kiwe kikubwa kuliko maumivu.

"Anayezimia kweli huporomoka kama gunia," alizoea kusema. "Hana adabu. Sisi tunaanguka kwa adabu."

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye somo la kofi. Kofi la jukwaani haligusi shavu. Anayepigwa ndiye anayegonga viganja vyake kwa siri ili sauti isikike. Mpigwaji alikuwa huyo mdogo wake, ambaye Kaka alimlea tangu wazazi wao wafariki. Mpigaji alikuwa Pande, mtu wa miraba minne aliyeigiza wauaji wote wa mji ule na ambaye nyumbani kwake aliogopa mende.

Pande akapunga mkono hewani. Kofi likalia.

"Umegonga mapema," Kaka akasema. "Subiri mkono upite."

"Sijagonga, kaka." Mikono ya binti ilikuwa wazi mbele yake. Shavu lilianza kuvimba.

"Sijamgusa mimi, haki ya Mungu," Pande akanong'ona.

Ukumbi ukanuka nywele zilizoungua. Kofi la pili likalia, Pande akiwa ameficha mikono kwapani, na binti akaporomoka kinyumenyume, kisogo kikapasuka kwenye ubao kwa mlio ambao hakuna aliyewahi kuufundisha. Kabla hawajamfikia alikuwa amekwisha kusimama. Damu ilimchuruzika shingoni, naye anatabasamu.

"Nifundishe kuanguka," alisema.

Kuanzia hapo hakutaka somo lingine. Alianguka mpaka ngozi ya mabega ikachubuka, akainuka, akasema, "Tena." Pande alipojaribu kumzuia, alimng'ata sikio akalitema, kisha akamrusha ukutani kwa mkono mmoja mpaka mbavu zikalia. Kaka akafunga mlango, akaagiza aitwe Mzee.

Mzee alikuwa mwigizaji aliyeigiza waganga maisha yake yote, hata majirani wakawa wanampelekea watoto wenye homa.

"Mzee wangu, uganga wenyewe unaujua?" Kaka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nimetoa majini majukwaa yote ya nchi hii. Halijagoma hata moja."

"Si tutafute wa kweli?"

"Wa kweli hawana sauti, mwanangu."

Sauti kweli alikuwa nayo. Alianza chini, kama mtu anayeongea na mlango, akapanda, akazunguka, akaliamuru jini litoke kwa kichwa na litoke kwa miguu, na kila alipopanda harufu ile ya nywele ilipanda naye, na binti akajipinda mgongo mpaka kisogo kikakaribia visigino, akajipasua mashavu kwa kucha zake mwenyewe, akabweka kwa sauti ya mwanamume, na waigizaji waliojibana ukutani wakashikana mikono kama watoto, mpaka Mzee alipotamka neno la mwisho, akanyanyua fimbo, na binti akapiga yowe moja refu, akaanguka, kimya.

"Limetoka," Mzee akasema.

Wakashangilia. Pande alilia huku ameshikilia mbavu.

Kaka hakushangilia. Alikuwa ameona kidevu kikiinama, bega likitangulia, kiganja kikigonga ubao. Akaenda akapiga magoti, akiwapa wenzake mgongo.

"Mwachie mdogo wangu," alinong'ona. "Nichukue mimi."

Jicho moja likafunguka. "Nimeanguka kwa adabu?"

"Yuko wapi?"

"Mdogo wako alianguka siku ya kofi," sauti ikamjibu kwa upole. "Kama gunia. Hakuinuka tena. Niliinuka mimi."

Miguu ilimwambia akimbie. Lakini uso ulikuwa ule ule aliouosha kila asubuhi ulipokuwa mdogo, na mikono ilipomnyookea, akainama akaikubali.

Jini lilimng'oa koo kwa meno, na waigizaji, waliodhani wanaona ndugu wakikumbatiana, waliendelea kushangilia mpaka damu ilipofika kwenye viatu vyao.